Picha ya Thelathini na Tisa

…na aliyemwambia kwanza ni Zamzam, si mwingine, Zamzam wa chumba cha pili anayefagia zahanati ya Wakorea, alisimama mlangoni na ndoo yake akasema, Severa, Daktari Oksun anaolewa Jumapili, wanataka mpiga picha, nimewaambia yupo, na Severa alikuwa amepiga magoti anamfunga Tarsis nepi, akauliza mpiga picha yupi, mpiga picha yuko Handeni analima mihogo ya kijiji, na Zamzam akasema, kwani kamera nayo waliipakia kwenye lori, si ninaiona hapo juu ya kabati, na wewe si ndiye ulikuwa unasafisha picha zake zote, au ulikuwa unafua tu… ndivyo ilivyoanza, na sasa kamera hiyo iko mikononi mwake, katika ukumbi wa chini wa nyumba ya ghorofa hapa Mchafukoge, saa tano ya asubuhi, madirisha yamefungwa ingawa joto ni la Februari, mbele yake Wakorea ishirini na wawili wamejipanga safu tatu kwa picha ya mwisho, ile ya wote pamoja, na kwenye kiduara kidogo kinachohesabu picha namba inasema thelathini na tisa. Filamu ni ya picha thelathini na sita. Dada, tunakusubiri, amesema Awadhi, mkalimani wao, kijana wa Gerezani aliyesoma huko kwao miaka minne, na Severa akasema ndiyo, au alidhani amesema, akainamisha uso kama mtu anayepima mwanga, hapimi kitu, anaitazama ile namba tu, huenda alianza kuhesabu vibaya, maana kwenye Zenit hii kiduara hakijirudishi chenyewe, unakizungusha kwa kidole mpaka sifuri, na asubuhi wakati anaweka filamu Tarsis alikuwa analia, labda alikiacha kwenye tatu, labda kwenye nne, ndiyo, labda… lakini anaikumbuka sifuri, anaukumbuka ukucha wake juu ya sifuri, na mumewe Vitalis, mwenye kamera, siku nyingine alikuwa anapata thelathini na nane, akiweka filamu gizani ili ulimi wake, ile ncha inayochomekwa kwanza, usipotee bure, akitoka hapo anajisifu, mama Tarsis, leo kiwanda kimetupa mbili za bakshishi, thelathini na nane, lakini hata Vitalis hakuwahi kufika thelathini na tisa, na mwisho wa filamu ule mkono wa kuvutia hukaza, hugoma, unajua kabisa kwamba hapa pameisha, na huu haujagoma, alipouvuta sasa hivi ulikwenda wote mpaka mwisho, mwepesi, mwepesi kama mlango usio na komeo… Wakorea hawatikisiki. Watu hawa wanajua kusimama. Mtu wa mtaani kwake ukimwambia tulia anakuuliza mpaka lini, anakohoa, anamcheka mwenzake, lakini hawa wamesimama kama waliokwisha kuwa picha tayari, wanaume mashati meupe yamefungwa mpaka kifungo cha shingo, kila mmoja na beji yake ndogo upande wa moyo, wanawake watatu mbele wamevaa yale magauni yao yanayoanzia kifuani na kutanuka kama mwavuli, na katikati Daktari Oksun, gauni jekundu juu, samawati chini, mashavuni amepakwa viduara viwili vyekundu na cha tatu kwenye paji la uso, ndiyo desturi yao, alieleza Awadhi, ni kwa ajili ya kufukuza mabaya, na Severa alitaka kuuliza mabaya gani, hakuuliza, yeye haulizi, tangu shule hakuwahi kuinua mkono hata pale alipojua jibu, mwalimu alikuwa anasema Severa daftari lako linasema mengi kuliko wewe… Na pembeni ya Oksun bwana harusi, Chol, fundi wa mifereji, suti ya kijivu iliyokwisha kukaa kwenye sanduku, ina mikunjo, na nyuma yake mlangoni masanduku mawili yamefungwa kamba ya katani. Nje gari linanguruma. Halijazimwa tangu alipoanza kupiga. Dereva alisema kitu kwa lugha yao kupitia dirishani na Bwana Ri akamjibu neno moja bila kugeuza shingo. Bwana Ri ndiye mkubwa wao, mwembamba, nywele zimekatwa sana pembeni, ndiye aliyempokea getini asubuhi, akafungua mfuko wake akatoa kimoja kimoja, kamera, lenzi, kitambaa, biskuti za Tarsis, akazichungulia hata biskuti, akaziweka filamu juu ya meza ya mlinzi, moja, mbili, akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula, mbili zinaingia, mbili zinatoka, na picha zote unaleta kwangu, na negativu zote, hata zilizoharibika unaleta, nani mwingine unafanya naye kazi, na Severa akasema peke yangu, mzee, akamwamkia shikamoo kwa kuchelewa, na Bwana Ri hakujua aitikie nini, akatazama saa. Peke yangu. Neno lile lilipotoka lilikuwa na fahari kidogo, anaona haya kulikumbuka, mwenye studio akienda harusini huwa na mtu wa kumshikia taa na mtu wa kumwambia, bwana, filamu yako haisogei… Usiseme. Usiliseme hilo. Dada, amesema Awadhi, unawapiga picha au unawachora, na wale wawili watatu wanaosikia Kiswahili wamecheka kidogo bila kufungua midomo, na Severa ameinua kamera usoni, kwenye tundu wote wanaonekana, wadogo, safi, na juu yao ukutani picha ya kiongozi wao katika fremu, hiyo isikatwe, Awadhi alimwonya mapema, akatwe mtu mguu, ikatwe meza, ile ya ukutani isikatwe hata kona, haikatwi, iko nzima, kila kitu kimekaa mahali pake, kidole kiko kwenye kitufe, na hakibonyezi. Vitalis alimfundisha jambo moja kabla ya mambo yote. Walikuwa wamekaa kitandani, mimba ya Tarsis ina miezi saba, alimwekea kamera juu ya tumbo akasema, ukivuta mkono huu wa kulia, tazama kile kirungu cha kushoto, kikizunguka, filamu inakwenda, kisipozunguka, unapiga hewa, hewa haisafishwi mke wangu, wakacheka mpaka mtoto akapiga teke… tazama kirungu cha kushoto. Leo hakukitazama hata mara moja. Mkono wa kushoto ulishika lenzi, macho yalikuwa kwa watu, alikuwa anaogopa, ndiyo, alikuwa anaogopa watu wengi hivi wa kimya, akajificha nyuma ya kamera kama anavyojifichaga nyuma ya mlango wageni wakija, na mtu aliyejificha hatazami vitu vidogo… hapana. Hapana, Severa, si kweli, sema kweli angalau humu ndani ambamo hakuna anayesikia. Alijua mapema. Ilikuwa kwenye kuinama. Bibi harusi anainama kwa wakubwa mpaka chini kabisa, wanawake wawili wakimshika viwiko, gauni linatandazika sakafuni, paji la uso juu ya mikono, na bwana harusi naye anapiga magoti, na mezani jogoo mzima aliyechemshwa, ameinuliwa kichwa kwa kijiti, mdomoni ana pilipili nyekundu, Awadhi alimnong'oneza usimwogope dada, huyo ameshakubali yaishe, akapiga, akavuta mkono, akapiga, wakainama mara ya pili, akavuta mkono, na pale, kwenye kuinama kwa pili, kidole gumba kilimwambia. Kilisema huu ni mwepesi. Kidole kilichokwisha kuvuta mkono huu mara mia, kwenye picha za paspoti za watu waliokuwa wanakimbilia vitambulisho mwaka jana, kilijua. Na yeye alifanya nini, alikiambia nyamaza, kidole, huoni wazee wanainamiwa. Angefanyaje, aseme simameni, wakati mwanamke amelala kifudifudi, mbele ya Bwana Ri, mbele ya ile picha ya ukutani, aseme samahani wazee, nadhani… yeye nani wa kudhani. Basi akaendelea. Akapiga wazee wakirusha tende na korosho kwenye gauni la Oksun, huko kwao ni matunda mengine, Zamzam ndiye aliyetumwa Kariakoo akaambiwa leta kinachofanana, akaleta tende za kubandikana na korosho za kwao Severa, za Masasi, na Awadhi akasema kila itakayoingia kwenye gauni ni mtoto mmoja, ziliingia nyingi, wanawake walihesabu kwa sauti wakacheka, Oksun akacheka, mara moja tu ndiyo alicheka, na Chol alikuwa anatazama masanduku. Akapiga. Akavuta. Mwepesi. Akapiga ndege wawili wa mti, mabata ya ndoa, dume na jike, Chol alichongesha kwa Mmakonde wa Mwenge, mchongaji hakuwahi kuona bata wa kwao akachonga kanga, na Chol akafurahi nao hivyo hivyo, akawaweka wanatazamana. Akapiga. Akavuta. Mwepesi, mwepesi, mwepesi… Jikoni Zamzam anambembeleza Tarsis, anamwimbia kitu cha maneno mawili, sauti inapita chini ya mlango. Bwana Ri amesema, tatizo? Amesema neno hilo tu, kwa utaratibu, si kwa ukali, na ingekuwa kwa ukali ingekuwa nafuu, Severa amejibu mwanga, mzee, kidogo, na Awadhi akatafsiri kwa maneno mengi zaidi ya aliyosema yeye, sijui amewaambia nini, wote wamevuta mabega nyuma. Alhamisi ndiyo barua ilikuja. Hili alilipata kwa Awadhi mwenyewe, wakati wanasogeza meza, alisema bila kufungua meno, harusi ilikuwa ya mwezi wa nane, imesogezwa, bwana ameitwa nyumbani, ndege ya leo saa nane, na Severa, sijui ujasiri ulitoka wapi, akauliza atarudi lini, na Awadhi akamnyoosha jogoo kichwa, akasema, dada, piga picha. Piga picha. Ndiyo kazi iliyomleta. Na kule chumbani, alipoitwa ampige bibi harusi akivishwa, wale wanawake walipotoka kufuata pini, Oksun alimshika mkono, mkono ule ule uliompima Tarsis homa wakati wa masika, mkavu, wa vidole vifupi, akasema kwa kile Kiswahili chake cha zahanati, mama Tarsis, picha moja, mimi, moja tu, Bwana Ri yote anachukua, mimi hakuna, na wanawake wakarudi na pini. Severa alitikisa kichwa kukubali. Hivyo tu, mara moja, kama mtu aliyekubali kushikiwa mlango. Mtu anaweza kukana neno, aseme sikusema hivyo, lakini kichwa ukishakitikisa mbele ya mtu aliyepakwa viduara vyekundu usoni… Yeye analijua hilo analoliomba Oksun, analijua kuliko anavyopaswa kulijua. Vitalis alitoka kununua mkate. Jumapili kama hii, Oktoba, shati la mikono mifupi, akasema nakuja, kadi ya kazi ameiacha kwenye suruali nyingine, na saa sita majirani wakaja kumwambia wamemwona Mnazi Mmoja juu ya lori la msako pamoja na wengine wasio na kadi, anapungia watu mkono kama anayekwenda mpirani, na Severa alikimbia na ile suruali mkononi, kadi imo mfukoni, alikimbia mpaka Mnazi Mmoja, uwanja mweupe, maganda ya machungwa na kandambili moja. Usiku ule alipekua makasha yote. Watu wa Kariakoo nzima wamo kwenye makasha ya Vitalis, maharusi, watoto wa komunyo, wacheza mpira, hakuna yeye, alikuwa nyuma ya kamera siku zote, alipata kivuli chake tu, kwenye picha moja ya ufukweni kivuli cha mtu ameinua viwiko kimelala mchangani mbele ya familia ya watu asiowajua, anacho hicho, amekiweka kwenye Biblia, na miezi minne tu imepita lakini tayari kuna mambo yanaondoka, anajua sikio lake, anajua mkono wake, ila ule mdomo wake wakati anapofikiri, anafunga macho autafute na unakuja mdomo wa Tarsis. Barua zinakuja, zinasema mihogo imeshika, salimia mtoto, nitarudi wakiniruhusu. Wakiniruhusu… Bonyeza. Ni rahisi, bonyeza tu. Kidole kishuke nusu inchi, kioo kilie pwa, wote washushe mabega, wapige makofi, Chol achukue masanduku, gari liondoke, na kesho kutwa aende kwa Bwana Ri na karatasi tupu aseme, mzee, dawa za kusafishia zimeharibika, nchi nzima haina dawa nzuri, muulize yeyote, na ni kweli, hakuna studio Kariakoo isiyolia dawa, hata mkaguzi angemwamini, uongo uliokaa tayari kama viatu mlangoni, wa kuvaa tu, na nani angemlaumu mwanamke mwenye mtoto mgongoni… Bwana Ri. Bwana Ri angeomba negativu. Hata zilizoharibika. Angeinyanyua filamu dirishani na ingekuwa angavu mwanzo mpaka mwisho, haijaungua kwa dawa wala haijaingia ukungu, filamu isiyoona mtu, na mtu aliyehesabu filamu getini na kuchungulia biskuti hawezi kufikiria kwamba mama fulani alikosea kuchomeka ulimi kwa sababu mtoto alikuwa analia, atafikiri zilikuwa tatu, atafikiri ile yenye nyuso zao na masanduku yao imekwenda kwa mtu mwingine, atamuuliza nani kakutuma, unafanya kazi na nani, na yeye alishajibu kwa mdomo wake, peke yangu. Na atakayeulizwa pili ni nani. Walikuwa wawili kule chumbani, yeye na Oksun, mlango umefungwa, wamenong'ona. Mungu wangu, hakuwa amefika huko. Alikuwa anahesabu aibu yake tu, kumbe… Sasa hivi anamtazama Oksun kupitia tundu, na Oksun anatazama lenzi, wote wengine wanatazama lenzi kama watu wanaotazama lenzi, yeye anatazama kana kwamba kuna mtu ndani. Hoo, gari limelia honi. Si kwa nguvu. Chol ameinua kisigino kimoja, amekirudisha. Dada, amesema Awadhi, na safari hii hakuna mzaha ndani yake, dada Severa, muda. Kirungu. Kabla ya yote, kirungu, huenda unajitisha bure, huenda ni kiduara tu ulikiacha kwenye nne. Ameteremsha kamera mpaka kifuani, kidole gumba na cha shahada vimekishika kirungu cha kushoto, kidogo, cha baridi, meno yake yanauma ngozi, kama filamu imekwenda yote upande wa pili kitakuwa kimekaza kama uzi wa cherehani, hakitasogea hata ukucha, na kama… anakizungusha. Robo. Kimekubali. Robo nyingine, kimekwenda, hakina ugomvi, kimekwenda kama kinavyokwenda mtu anapochezea kamera tupu dukani, na amesimama hapo, akiendelea ule ulimi wa filamu utarudi wote ndani ya kikopo na hatakuwa na cha kuonyesha, hapa ulipo ungali nje, upo, umelala pale haukushika, mtu yeyote akifungua ataona kwa macho yake. Akifungua. Na nusu saa nzima imekaa kichwani mwake tu, hakuna mahali pengine, kuinama mara mbili, korosho, kanga wa mti wanaotazamana, kile kicheko kimoja cha Oksun, yeye peke yake ndiye filamu, na kichwa cha mtu hakitoi nakala. Hayo yamekwenda, hayarudi. Lakini Chol bado hajavuka mlango. Ajabu ni kwamba woga haukupungua, alidhani ukishajua kitu woga hupungua, umebaki ule ule, mzito, ila umehama upande, alikuwa anaogopa wamtazame, sasa anaogopa wasije wakageuka, wasije wakatawanyika, kila pumzi anayovuta ni hatua ya Chol kwenda kwenye gari, na filamu ya pili imo mfukoni, kipande kifupi alichokikata Vitalis mwenyewe, picha kumi na mbili labda, na kuiweka anajua, dakika mbili, akitazama kirungu cha kushoto, dakika moja na nusu… Tayari? amesema Bwana Ri. Hakuna aliyesogea. Jogoo na pilipili yake, mabega nyuma, beji zinametameta, ile ya ukutani haijakatwa hata kona, injini inanguruma, Zamzam kwenye maneno yake mawili, kila kitu kipo kama kilivyokuwa namba iliposema thelathini na tisa. Bado, amesema Severa. Limetoka kubwa kuliko alivyokusudia, hata Zamzam amenyamaza huko jikoni. Bado, mzee, naomba msiondoke, na ameigeuza kamera mgongo uwaelekee wao, akaifungua.

Bwana Ri aliitazama ile filamu iliyolala ndani ya kamera, akautazama mfuko, akaitoa ya pili kwa mkono wake, akahesabu mbili, akamkabidhi, akasema dakika kumi. Zilikuwa saba, Chol akaitwa garini. Asubuhi yake Severa alitundua picha kwenye kamba kabla Tarsis hajaamka, kumi na moja, zilikuwa bado zinajikunja, karibu zote Chol anatazama mlangoni, akazitia kwenye bahasha pamoja na negativu zote na ile filamu angavu, na saa moja Awadhi alikuja kuichukua, akauliza ziko zote, naye akasema ziko zote, na zilikuwa zote, ila moja aliisafisha mara mbili, ile ya wawili peke yao, Oksun anamrekebishia Chol kola na Chol, mara hiyo moja, anamtazama. Alimbeba Tarsis, ambaye hakuwa na homa, akaenda zahanati akakaa kwenye foleni ya akina mama. Kwenye kona ya chumba cha daktari kulikuwa na mwanamume mgeni mwenye beji, ameketi, anasoma gazeti la lugha asiyoijua. Oksun hakuwa na rangi yoyote usoni. Severa alimkalisha mtoto mezani, akatoa kadi ya kliniki iliyokunjwa mara mbili, picha imo katikati, akaitoa kwa mikono miwili, na kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye benchi la nje akaanza kueleza kikohozi cha mtoto, kilianza lini, kinambana saa ngapi, kinatoa nini, akaeleza, akaeleza, mpaka Daktari alipomaliza kuisoma kadi.